Chemli Nyekundu ya Mzee Pazi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, si siku niliyooa, na naomba mke wangu asinisikie. Ni siku niliyoona haya kubeba taa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, miguu ina nguvu na kichwa kigumu kuliko miguu. Nitakusimulia, ila usiniharakishe. Mzee akiharakishwa huruka lenye maana akabaki na porojo.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu ya Tatu, mjukuu wa kaka yangu Kondo. Tatu ni muuguzi. Amepangiwa zahanati moja huku kwetu Temeke, ndani kabisa kupita Toangoma, kule lami inakoishia na nguzo za taa za barabarani zinakoishia pia. Akiwa zamu ya asubuhi anatakiwa kumpokea mwenzake kabla jua halijatoka, kwa hiyo safari yake yote ni gizani, na barabara ile ndiyo inayopitwa na malori ya mchanga. Bodaboda hazitaki, anasema vijana wanakimbiza mno. Amenunua baiskeli ya mtumba, na wiki iliyopita akaja kwangu jioni akiisukuma, kifurushi kimening'inia kwenye usukani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mama. Karibu. Umeniletea nini?"

"Sijakuletea kitu babu, nimekuja na shida. Babu Kondo kanituma. Kasema nije unichagulie taa za baiskeli, eti we ndo unazijua."

Kaka yangu Kondo ni fundi baiskeli pale Mbagala tangu Tatu hajazaliwa, na mama yake Tatu hajazaliwa. Amefunga taa nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu. Kwa nini mtu kama huyo amtume mjukuu wake kwangu? Liweke pembeni swali hilo, mwanangu, tutalirudia.

Tatu akafungua kifurushi mezani. Taa ya mbele ilikuwa kubwa, ina macho matatu, na muuzaji wa Kariakoo alikuwa amemwambia, "Sista, hii inapiga mpaka Kigamboni." Aliiwasha, na paka wangu akakimbilia uvunguni. Pembeni kulikuwa na taa nyingine ndogo nyekundu, imefungwa kwenye karatasi.

"Na hiyo?"

"Hiyo ya nyuma babu, kanipa nyongeza tu."

Nyongeza! Niliiacha ile ya macho matatu iendelee kujisifu, nikavaa miwani, nikaichukua ile ya nyongeza, nikaanza kuikagua. Tatu akacheka, akadhani babu yake amechanganyikiwa. Basi nikamkalisha, nikamwambia haya ninayokuambia wewe.

Enzi zetu Mbagala ilikuwa mashamba ya mihogo na minazi, wala usingedhani kuwa siku moja watu wangegombania nafasi ya kujenga choo. Mimi na kaka yangu tulikuwa wabeba mihogo. Tulikuwa watu tisa, wote wa Vikindu, kila mmoja na baiskeli yake nyeusi ya Kichina na matenga mawili yamefungwa kwenye keria. Muhogo hautaki kulala. Ukiufikisha sokoni umechelewa, wanunuzi wanauvunja, wanautazama moyo, wanaguna, wanaondoka. Kwa hiyo tulitoka alfajiri ya giza, tukaifuata barabara ya Kilwa, tukashuka Kongowe, tukavuka daraja la Mzinga, tukapanda kilima hadi Mbagala, tukafika soko la Temeke jua likichungulia.

Tulikwenda msafara mmoja, mtu nyuma ya mwenzake, na msafara ulikuwa na desturi zake. Wa mbele anamulika mashimo na kupiga kengele ili wenzake wajue. Wa nyuma kabisa, tuliyemwita mkia, hakuwa na kazi ya kuona kitu. Kazi yake ilikuwa kuonekana. Mkia wetu alikuwa Mzee Pazi, ambaye msafara wenyewe ulikuwa wake, mtu mfupi, mkimya, mwenye ndevu tatu au nne alizozitunza sana. Chini ya matenga yake alining'iniza chemli, taa ya mafuta kama ya nyumbani, ila kioo chake alikipaka rangi nyekundu ya kucha ya mkewe. Moto ulikuwa unaibabua ile rangi, kwa hiyo kila baada ya siku chache aliiba chupa akapaka tena, na mkewe akapiga kelele tena.

Sisi vijana tuliicheka chemli ile. Na si sisi tu. Pale Mbagala palikuwa na bomba la maji, na mabinti waliwahi foleni alfajiri. Kila tulipopita walimpigia kelele Mzee Pazi, "Babu, mbuzi wako hajaonekana tu mpaka leo?" Mzee aliwaitikia kwa adabu kwamba bado anamtafuta, akaendelea kukanyaga pedali. Mimi nilikuwa natamani ardhi ipasuke, kwa sababu mmoja wa mabinti wale nilikuwa nimeshaanza kumpelekea salamu.

Mwenzako nilikuwa na dinamo. Hukuwahi kuiona, nitakueleza. Ni kidude kama chupa ndogo kinachoegemea tairi, tairi likizunguka nacho kinazunguka, kinatoa umeme, taa ya mbele inawaka na kijitaa chekundu cha nyuma kinawaka. Ukikaza mwendo panakuwa mchana. Ukilegeza, mwanga unafifia. Ukisimama, unazimika kabisa. Hilo la kuzimika nilikuwa nalijua, lakini kujua na kuzingatia ni ndugu wasiosalimiana. Kwa ajili ya dinamo hiyo niliwekwa mbele ya msafara, na nikavimba kichwa. Nilipiga kengele hata pasipo na shimo.

Sasa, siku moja Mzee Pazi alipata msiba Kisarawe. Jioni akaja nyumbani kwetu, chemli mkononi, mafuta yamejazwa, kioo kimepakwa upya. Kondo alikuwa uani anashona tenga. Mzee hakumwita Kondo, ambaye ndiye mkubwa. Aliniita mimi.

"Shomari, kesho wewe ni mkia."

Niliona nimepigwa kofi. "Mzee, mimi ni wa mbele. Nina taa kubwa kuliko wote."

"Nimeiona taa yako," alisema. "Kutangulia si kufika. Shika hii. Uifunge chini ya matenga, mzigo usiizibe. Na kila mtakaposimama, uitazame kwanza taa, ndipo utazame mzigo."

Niliipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa, na moyoni nikaikataa. Alfajiri niliifunga mbele ya macho ya wenzangu wote. Tulipofika kwenye migomba ya mwisho ya Vikindu nikawaambia tangulieni, mnyororo umetoka. Mnyororo haukutoka, mwanangu. Niliifungua chemli, nikaizima, nikaificha katikati ya migomba, nikawakimbiza wenzangu. Nilijiambia kwamba kijitaa changu cha dinamo kinatosha, tena ni cha kisasa. Ukweli ni kwamba nilikuwa namfikiria binti wa bombani. Sikutaka aniulize habari za mbuzi.

Tulivuka daraja la Mzinga. Kilima kile hukipandi na mihogo, utashuka usukume. Tukashuka wote. Baiskeli ikisukumwa pole pole, dinamo inakohoa tu, haiwaki. Wenzetu sita walitangulia. Kamba ya tenga la Kondo ikalegea katikati ya mlima, tukasimama kukaza. Mimi nilikuwa upande wa majani, nimeshika usukani wa baiskeli yake. Yeye alikuwa upande wa barabara, ameinama, kamba ipo kwenye meno. Tulikuwa gizani kabisa, na wala sikugeuka kutazama taa, kwa kuwa nilijua fika hakuna taa ya kutazama.

Lori lilikuja kutoka darajani. Lilikuwa bovu, taa yake moja imekufa na nyingine inaona usingizi. Nililisikia kabla ya kuliona. Nilipiga kelele, Kondo akainuka, na ubavu wa lori ukalipiga tenga, tenga na baiskeli vikamwangukia, na mguu wake wa kulia ukabaki chini. Mihogo ilitawanyika barabara nzima. Dereva alisimama, akashuka, akamwinua Kondo pamoja nami, akampeleka hospitali kwa lori lile lile. Njia nzima alikuwa anasema neno moja tu, "Wallahi sikuona mtu. Niliona kiza tu, wallahi."

Mguu ulivunjika mahali pawili. Kondo alikuwa winga wa kulia wa timu yetu ya mpira, na kocha mmoja wa mjini alikuwa ameshaanza kumuulizia. Daktari alisema atatembea. Kuhusu kukimbia, hakusema kitu, akafunga faili.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na guu likavunjika la kaka yangu. Methali haikunionya kwamba inaweza kukosea mtu.

Kila aliyekuja kumwona mgonjwa alilaumu lori. Lori bovu, dereva hana macho, barabara mbaya. Nami nikaitikia, ndiyo, lori bovu. Nakueleza hili kwa sababu sitaki udhani nilitubu mara moja. Nilikaa na uongo ule siku tatu nzima, na ulikuwa mzito kuliko matenga yote niliyopata kubeba.

Siku ya nne Mzee Pazi akarudi kutoka msibani. Hata nyumbani kwake hakupitia kwanza.

"Chemli yangu iko wapi?"

"Ipo, mzee."

"Najua ipo. Nauliza iko wapi."

Nilimpeleka kwenye migomba. Ilikuwa pale pale, imeegemea shina. Akaiinua, akaisogeza sikioni, akaitikisa, akasikia mafuta yanacheza ndani.

"Imejaa," alisema.

Angenipiga ningeshukuru. Tulirudi hadi barabarani, na hapo ndipo aliponiuliza kama nimemwambia Kondo. Nikasema bado. "Basi na mimi sina la kukuambia," akasema, "mpaka umwambie yeye kwanza."

Nilikwenda wodini. Kondo alikuwa amefungwa plasta hadi kwenye paja, mguu umetundikwa. Nilimwambia yote, kuanzia migomba mpaka binti wa bombani. Alinisikiliza, halafu akageuza uso ukutani. Siku hiyo hakuniangalia tena. Kesho yake nilipeleka uji, akaunywa, akageukia ukutani. Keshokutwa yake hivyo hivyo. Siku iliyofuata nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nimeshakata tamaa, nikasikia sauti yake.

"We mpumbavu. Umekuja na baiskeli?"

"Ndiyo, kaka."

"Kachomoe spoki moja uniletee. Humu ndani ya plasta panawasha, nakufa."

Nilikimbia nje. Nilichomoa spoki kwenye gurudumu la baiskeli yangu, ile ile ya dinamo, nikaisafisha kwa shati, nikamletea. Akaipenyeza ndani ya plasta, akajikuna, akafumba macho, akasema "Ahaa." Nilicheka huku nalia, muuguzi akatufokea wote wawili. Mpaka leo Kondo hajawahi kuniambia kwa maneno kwamba amenisamehe. Spoki ile ilinitosha.

Niliporudi, Mzee Pazi alinichukua jioni, jua limeshazama, hadi kilima cha Mzinga. Akanisimamisha karibu na daraja. "Leo wewe ni dereva," akasema. "Simama hapo, tazama juu, uniambie unaniona wapi." Akachukua baiskeli yangu yenye dinamo, akapanda kilima akiisukuma. Nilitazama. Hatua chache tu akawa amemezwa na giza. Nilisikia tairi, sikuona mtu.

"Unaniona?"

"Sikuoni, mzee!"

Akashuka. Akaiwasha chemli, akaining'iniza nyuma, akapanda tena. Mwanangu, kitaa kile tulichokicheka kilipanda kilima chote mbele ya macho yangu, chekundu, kinabembea kidogo kidogo. Aliposimama, nacho kikasimama bila kuzimika. Alipofika alipoangukia Kondo bado nilikuwa namwona. Alipofika juu kabisa bado nilikuwa namwona. Nilisimama mahali pa yule dereva nikaona alichotakiwa kukiona. Nikalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka ishirini.

Mzee alishuka akanikuta hivyo. Nilijua atanipokonya kila kitu, anitoe kwenye msafara, na ingekuwa haki yake. Badala yake akafungua kamba, akanikabidhi chemli.

"Tangu leo mkia ni wako. Siyo kesho tu. Siku zote."

Wenzetu walipopata habari walinung'unika. Mfaume, aliyekuwa na ulimi mrefu, alimwuliza mzee waziwazi, "Huyu huyu?" Mzee Pazi akamjibu, "Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nyuma yenu namtaka anayeshtuka."

Nilikaa mkiani miaka kumi na mmoja. Nasema tena, kumi na mmoja. Masika na kiangazi, chemli yangu ilikuwa safi, utambi umekatwa sawasawa, rangi ya kucha nanunua mwenyewe wala simwibii mtu. Kila tuliposimama, niliitazama taa kwanza kabla ya mzigo. Madereva wa barabara ya Kilwa walituzoea, wakitukuta wanapunguza mwendo, wengine wanapiga honi ya salamu. Katika miaka ile yote hakuna mtu wa msafara wetu aliyeguswa na gari, hata tenga halikukwaruzwa. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Mzee akikosa cha kujisifia aseme basi alikuwa anafanya nini muda wote huo. Na yule binti wa bombani aliniuliza habari za mbuzi kila alfajiri, nami nikamjibu kila alfajiri kwamba bado namtafuta, mpaka siku moja akacheka akasema labda yupo kwao, nije nimtazame. Ndiye huyu niliyeomba asinisikie.

Kondo hakurudi uwanjani. Alipotoka hospitali alikuwa anachechemea, na bado anachechemea. Alikaa chini, akajifunza kurekebisha baiskeli za msafara, na mikono yake ikawa na akili kuliko miguu yake ya zamani. Ndipo ukaanza ufundi wake. Mzee Pazi alipofariki, watoto wake waliniletea chemli, wakasema marehemu aliusia hivyo. Ipo dirishani kwangu hadi sasa. Rangi imebabuka, siipaki tena, lakini vumbi halikai juu yake.

Basi turudi kwa Tatu. Alikuwa amesikiliza yote, simu ameifunika juu ya meza, jambo la ajabu kwa kijana wa siku hizi. Nikamwambia, twende nje. Maghribi ilikuwa imeingia, na njia yetu ya Toangoma haina taa hata moja. Nikamsimamisha kwenye kona. "Leo wewe ni dereva," nikasema, na nikajisikia Mzee Pazi mwenyewe. Nikaichukua baiskeli yake, nikaifunga ile taa ya nyongeza, nikaenda nayo mpaka kwenye ukuta wa jirani.

"Unaniona?"

"Naona kama kiberiti babu! Sasa sikuoni!"

Kumbe kile kitaa kilikuwa kinawaka na kuzima chenyewe, na nilipokigusa kikaanguka. Kibanio chake cha plastiki hakikuwa na nguvu hata ya kushika kanga kwenye kamba. Tukajaribu ile ya mbele. Nilimwambia aiwashe aje nayo kwangu. Mwanangu, nilipofuka. Nilirudi nyuma hatua tatu nikakanyaga shimo, na nyuma yangu kijana wa bodaboda akasimama ghafla akapiga kelele, "Sista, shusha taa bwana, unatuua!" Tatu akaizima haraka. Alikuwa ameelewa kabla sijafungua mdomo.

Kesho yake alirudi Kariakoo. Taa ya nyuma aliyokuja nayo safari hii ilikuwa nzito kidogo, nyekundu, inawaka bila kupepesa, inaonekana hata ubavuni, na ina mkanda wa mpira unaobana chuma chenyewe. Ya mbele ilikuwa ya kawaida, jicho moja. Ile ya nyuma tuliijaribu tena kwenye kona. Safari hii aliniona hadi ukutani, na nikapitiliza ukuta, na bado aliniona. Ya mbele tukaifunga kwa kuiinamisha, imulike ardhi hatua chache mbele ya gurudumu, isimpige mtu machoni. Nilimwuliza begi lake la kazi atalifunga wapi. Akasema nyuma. Nikamwuliza, na taa? Akaifungua, akaishusha chini ya keria. Sikumwambia aishushe. Nilimwuliza tu.

Usiku wa kuamkia siku yake ya kwanza alilala kwangu. Alfajiri niliamka naye. Aliishika taa ya nyuma kwa mkono kuhakikisha imekaa, akaiwasha, ndipo akafunga begi. Taa kwanza, mzigo baadaye. Kwenye geti akasimama, akageuka kutazama kama bado inawaka akiwa amesimama. Inawaka. Akaondoka. Nilibaki getini na shuka langu begani, nikaifuata ile nukta nyekundu kwa macho. Lori la mchanga lilikuja nyuma yake, na moyo wangu ukasimama kama enzi zile. Nikaona lori linapunguza mwendo, linahama kabisa upande wa pili, linampita kwa mbali. Nukta ikaendelea. Niliiona mpaka kona ya mwisho.

Simu ikalia. Alikuwa Kondo, naye hakulala.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Unamwona?"

"Nilimwona mpaka mwisho, kaka."

"Haya," akasema. "Basi mimi narudi kulala."

Sasa lile swali uliloliweka pembeni umeshalijibu mwenyewe. Mtu niliyemvunja guu kwa kuificha taa ndiye aliyenikabidhi mjukuu wake nimchagulie taa. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wangu alikuja kweli, akiwa na baiskeli ya mtumba na kifurushi, na alipoondoka aliniachia fahari ambayo sina pa kuiweka.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka taa ya kupita barabara za giza, anza na ya nyuma. Ya mbele utaikumbuka tu, maana inakufurahisha. Nyani haoni kundule, na mpanda baiskeli haoni taa yake ya nyuma, ndiyo maana wauzaji wanaitoa nyongeza. Usikubali nyongeza. Chagua nyekundu isiyopepesa, isiyozimika ukisimama, isiyoogopa mvua ya masika, na uifunge mahali ambapo mzigo wako hauwezi kuiziba. Ya mbele iwe ya kukuonyesha shimo, siyo ya kumpofusha unayekutana naye, kwa sababu ukimpofusha dereva umemfumba macho mtu uliyetaka akuone. Ichaji kabla ya kulala, wala usingoje asubuhi, umeme wetu unaujua. Na kabla hujainunua, mpe mwenzako aende nayo mbali gizani, wewe usimame pale atakaposimama dereva. Ukiona haya kuifanya kazi hiyo dukani, kumbuka niliyoona haya mimi. Usiache mbachao kwa msala upitao, na cheko la watu bombani lisikufanye uzime taa ya mtu aliyekupenda.

Ukiwekwa nyuma maishani usinune. Huko nyuma ndiko wenzako wanakolindwa, na anayewekwa huko ameaminiwa.

Nenda basi. Mungu akupe miguu yenye nguvu na kichwa chenye kusikia, akupitishe penye giza bila kukwaruzwa, akufikishe unapokwenda na akurudishe kwa wanaokungoja getini. Uione njia, mwanangu, na njia ikuone.